UZI: Kitabu cha Sarkozy cha gerezani, ni cha mfungwa ao cha mwanasiasa?

Mwana_wa_Katuba

Yambo yenu wote. Tangu mwezi wa kumi na mbili, Lubumbashi hii, popote wanapokutana watu wanaosoma Kifaransa kuna ubishi mmoja. Nimeukuta kwenye parlement debout ya wasoma magazeti, wale wanaobishana wakiwa wamesimama mtaani, nimeukuta ndani ya basi ya Ruashi, hata kanisani baada ya misa. Sarkozy na kitabu chake. Nusu wanamlilia, nusu wanamcheka, na wengi wa pande zote mbili hawajafungua hata ukurasa mmoja.

Kwa wale ambao hawakufuata. Nicolas Sarkozy aliongoza Ufaransa toka 2007 hadi 2012. Tarehe 25 Septemba 2025 mahakama ya Paris ilimhukumu miaka 5 kwa kosa la kula njama: kwamba aliwaacha watu wake wa karibu, Claude Guéant na Brice Hortefeux, waende kutafuta pesa kwa Kadhafi kwa ajili ya kampeni ya 2007. Kwa mashtaka mengine matatu, rushwa ikiwamo, aliachiliwa. Tarehe 21 Oktoba akaingia gereza la La Santé. Tarehe 10 Novemba akatoka, akisubiri rufaa. Mwezi mmoja kamili baadaye kitabu kiko madukani, Le Journal d'un prisonnier, kurasa 216, euro 20.90, na kwa wiki ya kwanza tu karibu nakala 100,000 zilinunuliwa.

Mimi nimekisoma. Nakala iliingia mjini na mtu aliyetoka Ulaya, imepita mikono mingi, kona zimeshaanza kujikunja. Nisemeje? Kinasomeka. Anaeleza rangi ya kijivu iliyokula kila kitu, kelele za usiku, meza ndogo ya mbao aliyoandikia kwa bic, chakula alichokikwepa akabaki na vitu vya maziwa, magoti aliyopiga chini siku ya kwanza kumuomba Mungu. Kurasa hizo ni nzuri. Mtu aliyezoea milango ifunguliwe na wengine sasa anasikia mlango ukifungwa na wengine.

Lakini ukifika mahali anapoeleza kwamba aliongea kwa simu na Marine Le Pen, mwanasiasa wa mrengo wa kulia mkali, na kwamba hatajiunga tena na wale wanaoungana kila uchaguzi ili kukizuia chama cha Le Pen kisishike utawala, unaelewa kitabu kiliandikwa kwa nini. Kwa siasa ya Ufaransa hilo ni jambo zito kuliko kelele zote za gerezani. Kwa hiyo mimi nasema: hiki ni kitabu cha kampeni kilichovaa nguo ya mfungwa. Kura yake haiko kwenye sanduku, iko kwenye mioyo ya watu wa mrengo wa kulia wa kule, na pia kwa wanaofuata rufaa, ambayo ilipangwa kuanza tarehe 16 Machi 2026.

Mnasemaje? Na tafadhali, wenye kusoma waseme wamesoma, wasiosoma waseme hivyo pia.

Fundi_Kampemba

Miye sikusome na sitaisoma, nasema mbele kama vile umeomba. Siku makumi mbili! Kwa siku makumi mbili huku kwetu hata jina yako bado haiyaandikwa muzuri mu kitabu ya gereza. Ule muzee alikuwa na chumba yake peke yake, na polisi mbili mu chumba ya pembeni ya kumulinda. Halafu anatuuzia machozi kwa bei ya bunga ya mwezi.

Avoka_Lushi

Fundi, wale polisi walikuwapo kwa sababu kuna wafungwa waliomtishia, na waziri wa mambo ya ndani wa kule alitetea uamuzi huo. Unaweza kuucheka, lakini mkuu wa zamani wa nchi akichinjwa gerezani sheria ya nchi nzima inaanguka.

Niongeze jambo ambalo wengi hapa wanalichanganya. Watu wanauliza: kama alikata rufaa, kwa nini alifungwa? Kwa sababu mahakama iliamuru hukumu ianze kutekelezwa bila kungoja rufaa. Jambo hilo ndilo lililogawa wanasheria wa Ufaransa wenyewe, hata baadhi ya wasiompenda. Mahakama haikuthibitisha kwamba pesa za Libya ziliingia kwenye kampeni. Ilisema njama yenyewe ya kuzitafuta inatosha kuwa kosa. Sasa ukisoma kitabu, yeye anashikilia hapo: hakuna pesa, hakuna kosa. Na akaenda mbali, akajifananisha na Dreyfus, yule ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo mwishoni mwa karne ya 19. Hapo nilifunga kitabu kwanza nikanywa maji.

Dada_Kenya

Nimesoma, Mwana_wa_Katuba amenipatia kwa siku mbili akinikumbusha kila saa kama mwenye deni.

Sikubali na kichwa cha uzi wako, kaka. Unauliza mfungwa ao mwanasiasa, kana kwamba mtu akiwa mwanasiasa masikio yake hayasikii kelele. Kaka yangu wa tumbo moja alifungwa miezi, sitataja wapi, kwa kesi ya gari ambalo halikuwa lake. Alipotoka alikuwa mtu ambaye mlango ukigongwa anasimama. Mpaka leo. Hakuwahi kutusimulia. Sasa nasoma kitabu cha mzungu tajiri, mwenye avoka kumi, anaeleza usiku wa kwanza, kelele zisizoisha, mwanga usiokuwa wa jua, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kidogo kaka yangu ananyamazia nini. Mnataka nikatae kwa sababu mwandishi ni Sarkozy?

Mumcheke kwa siasa yake, sawa. Kurasa za gereza muniachie.

Yaya_Ruashi

Dada umenigusa. Ila kaka yako hakuandika, na hakuna mtu angechapisha. Hapo ndipo miye naona uchungu. Makala ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 1,500, ikafika kubeba karibu 15,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoka, serikali yenyewe ikahesabu wafu 129. Nani kati yao ana kurasa 216? Na hapa Lubumbashi, Septemba 2020, Kasapa iliposhika moto upande wa wanawake, wanawake walikaa siku kadhaa uwanjani bila ulinzi, wakabakwa na wafungwa wengine. Waliosimulia ni watu wa haki za binadamu, kwa ripoti, bila majina. Ripoti haisomwi kwa basi.

Goma_Birere

Na Munzenze ya kwetu Goma, Januari 2025, mji ulipokuwa unaanguka mikononi mwa M23. Wafungwa wanaume walitoka kwa maelfu. Wanawake wengi hawakutoka, waliungulia mule ndani, na watoto. Miye nilikuwa mtaani nikiona moshi. Basi. Endeleeni na Sarkozy.

Mwana_wa_Katuba

Goma_Birere, pole sana ndugu. Uzi ubaki wazi kwako, andika ukitaka.

Dada_Kenya, sijasema kelele ni za uongo. Nimesema kwa nini zinauzwa. Mtu anaweza kuumia kweli na kuutumia uchungu wake kweli, vyote viwili kwa siku moja. Alitoka tarehe 10 Novemba, tarehe 10 Desemba kitabu kiko mezani. Nani anaandika, anasahihisha, anachapa na kusambaza kwa siku 30? Mwenye mtu wa kumngojea. Fayard, nyumba iliyokichapa, iko kwenye kundi la tajiri Bolloré, na Bolloré ana televisheni, redio na magazeti ambayo wiki ile yaliimba wimbo mmoja. Hilo nalo ni sehemu ya kitabu, hata kama halikuandikwa ndani.

Bukavu_Nguba

Jamani wa Katanga mnasahau haraka. Mimi niko Bukavu na sisi jina la Sarkozy hatulijui kwa La Santé. Tunalijua kwa Januari 2009. Akiwa anawapa salamu za mwaka mpya mabalozi pale Paris, alizungumza juu ya Rwanda, nchi ndogo yenye watu wengi, na Congo, nchi kubwa yenye utajiri wake mipakani, akasema siku moja itabidi pawe na mazungumzo ya kugawana nafasi na mali. Kugawana! Mnakumbuka Kinshasa ilivyowaka? Mnakumbuka wabunge? Alipokuja Kinshasa tarehe 26 Machi 2009 ikabidi aseme kwamba hakuna anayegusa mipaka ya Congo.

Leo Bukavu iko wapi na Goma iko wapi, sina haja ya kuwaeleza. Kwa hiyo mtu ananiambia nimhurumie kwa chumba cha mita chache. Mimi ninamwambia: nafasi yake iligawanywa kidogo tu.

Fundi_Kampemba

🤣🤣 Bukavu umemaliza uzi

MuzeeMukuba

Haumalizike. Munipatie nafasi, mikono yangu inaandika pole pole.

Siku ileile ya Machi 2009 ambayo Bukavu_Nguba anasema, kampuni ya Ufaransa Areva ilitia sahihi na serikali yetu mapatano ya kutafuta urani. Na urani ya Congo ukiitaja, mtoto wa Katanga anajua unataja mgodi wa Shinkolobwe. Basi huyu hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa mnunuzi.

Lakini sikuingia hapa kwa ajili ya Sarkozy. Nimeingia kwa sababu munazungumza kana kwamba kitabu cha mwanasiasa aliyefungwa ni jambo jipya, na kwamba wetu hawaandiki. Wetu waliandika! Munamjua Nguz a Karl-i-Bond? Vijana munajua jina, hamujui njia. Mtoto wa Musumba, jamaa ya Tshombe. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mobutu. Mwaka 1977, baada ya vita ya Shaba, ndiyo Katanga yetu, akakamatwa, akaitwa msaliti, akahukumiwa kufa. Akateswa, na mateso yenyewe aliyaeleza mwenyewe baadaye, sitayarudia mbele ya dada zetu. Mwaka uliofuata akatolewa. Mwaka 1979 akarudishwa kuwa waziri wa mambo ya nje, mwaka 1980 akawa mkuu wa serikali. Mwaka 1981 akakimbilia Ubelgiji, akaenda kumshitaki Mobutu mbele ya wabunge wa Marekani. Na mwaka 1982 ikatoka buku yake, *Mobutu ou l'incarnation du mal zaïrois*.

Sijui niwaeleze namna gani ile buku ilivyosomwa. Haikuuzwa mu duka, wangekufunga weye na duka. Miye niliisoma usiku, ikiwa imefunikwa na karatasi ya kitabu cha hesabu, na niliyempa baadaye sikumwambia niliitoa kwa nani. Kwa sisi tuliokuwa na umri ule, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha mu nyumba ya moshi. Alieleza pesa ilipitia wapi. Aliyeeleza alikuwa amekaa kwa meza ileile.

Mwaka 1985 akarudi. Mwaka 1986 Mobutu akamtuma kuwa balozi Washington, kulekule alikomshitakia. Mwaka 1988, waziri wa mambo ya nje tena.

Dada_Kenya

Muzee... na watu walisemaje?

MuzeeMukuba

Waligawanyika, mwanangu, kama munavyogawanyika hapa. Kuna waliochoma nakala zao, si kwa kuogopa polisi, kwa hasira. Kuna waliosema ameshinda, kwa sababu alisema kweli na bado akaishi. Kuna waliosema buku ilikuwa bei: aliipandisha mpaka mnunuzi akafika. Mpaka leo sijaamua. Ninaifungua wakati fulani, ninakuta yale aliyoyasema juu ya Mobutu yamebaki kweli hata kama aliyeyasema alienda kula naye.

Mwaka 1991 akawa waziri mkuu mara nyingine, na miezi ile Katanga iliona nini, humu sitaingia, kuna watoto wa pande zote mbili wanasoma.

Msimamizi

Asante Muzee kwa kuishia hapo. Mambo ya 1992, ya Wakatanga na Wakasai, yana uzi wake, na yana masharti yake.

Mwana_wa_Katuba

Muzee, umeweka vizuri kuliko mimi. Nilichotaka kusema ndicho hicho: buku ya mwanasiasa ni kete anayoisogeza, na lazima uangalie ubao mzima.

Dada_Kenya

Hapana, kaka, usimvute Muzee upande wako. Yeye amesema yaliyomo yalibaki kweli HATA KAMA. Hiyo "hata kama" ni yangu.

Yaya_Ruashi

😂 amekupata

KadhafiHai

Wote munazunguka. Kadhafi aliuawa tarehe 20 Oktoba 2011. Sarkozy ameingia buloko tarehe 21 Oktoba 2025. Miaka 14 na siku moja! Ndege za Ufaransa ndizo zilipiga za kwanza, Machi 2011. Alimkaribisha Paris Desemba 2007, akamwacha apige hema yake mu bustani ya wageni wa serikali, miaka minne haijaisha akampiga vita. Mungu halali. Kitabu chake ni kilio cha mtu anayelipa. Afrika nzima inalipa tangu siku ile, angalieni Mali, angalieni Niger.

Avoka_Lushi

Ndugu, tarehe zako ni sahihi, hesabu ya Mungu sitaigusa. Lakini tusimpake Kadhafi mafuta ili Sarkozy aonekane mchafu zaidi. Unajua nani walikaa kwenye viti vya waliodhurika katika kesi hii ya Paris? Familia za watu waliokufa kwenye ndege ya UTA, DC-10 iliyolipuliwa juu ya jangwa la Niger tarehe 19 Septemba 1989. Watu 170. Ndege ile iliondoka Brazzaville, kule ng'ambo ya mto. Mahakama ya Ufaransa mwaka 1999 ilimhukumu kifungo cha maisha, bila yeye kuwepo, Abdallah Senoussi, shemeji wa Kadhafi na mkubwa wa ujasusi wake. Na Guéant na Hortefeux, walipokwenda Libya mwaka 2005, walikutana na nani? Na huyo Senoussi.

Kwa hiyo kwa familia zile swali halikuwa euro ngapi ziliingia kampeni. Swali lilikuwa: mlikaa na muuaji wa watoto wetu, mkazungumza nini? Mimi naona hapo ndipo kipimo cha kitabu. Mwandishi anaomba tuusikie usiku wake. Wale wamekaa na usiku wao tangu 1989.

Bukavu_Nguba

Avoka, hii sikuijua. Brazzaville... Kwa hiyo kuna Waafrika ndani ya kesi tangu mwanzo, na redio zote zilituambia ni habari ya Wafaransa na pesa.

KadhafiHai

Ile ndege bado kuna wenye kubishia nani aliilipua.

Avoka_Lushi

Kuna wenye kubishia kila kitu. Libya yenyewe ililipa fidia kwa familia.

Fundi_Kampemba

Miye nina ulizo moja ya mujinga. Huku kwetu Kamerhe alifungwa mwaka 2020, akapewa miaka 20, mwaka 2022 akaachiliwa huru kabisa na mahakama, kisha akawa mukubwa wa bunge. Mutamba alikuwa waziri wa haki, mwaka 2025 naye akahukumiwa, miaka mitatu ya kazi ngumu, tena kwa pesa ya kujenga gereza! Pesa ya GEREZA bandugu. Hawa bakiandika, nani atanunua?

Yaya_Ruashi

Mimi ningenunua ya Mutamba, ukurasa wa gereza lisilojengwa pekee.

Dada_Kenya

Mimi ningenunua zote, na kuzisoma kama nilivyosoma hii: kurasa za siasa mbio mbio, kurasa za usiku pole pole.

Msomaji_kimya

Huwa siandiki humu. Nilikuwa nasoma Ufaransa wakati ule, na siku kitabu kinatoka nilipita mtaa wa matajiri, arrondissement ya 16, watu wamepanga mstari kwenye baridi nje ya duka la vitabu ili awatilie sahihi. Wazee wengi, nguo nzuri. Mmoja alikuwa analia kweli. Jioni yake, kwenye nyumba yetu ya wanafunzi, wavulana walikuwa wanasoma vipande kwa sauti ya kuigiza, wanavunjika mbavu. Mlinzi wa mlango wetu, Mualgeria mtu mzima, akauliza tu kama ameeleza wafungwa wengine wanaishije. Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyesoma kwa kutafuta hilo.

Mwana_wa_Katuba

Msomaji_kimya, ungeandika mara nyingi zaidi. Swali la huyo mlinzi ndilo nitakalorudi nalo kitabu kikirudi kwangu. Nitafute kila mahali anapomtaja mfungwa mwingine, nione anamtaja kama mtu ao kama kelele.

Fundi_Kampemba

Ah basi na miye niandikeni mu mustari. Lakini silipe hata franka.

Mwana_wa_Katuba

Mstari ni huu: sasa iko kwa Avoka, halafu Yaya_Ruashi, halafu Fundi. Bukavu_Nguba, nikipata mtu anayepita Kalemie nitajaribu, sitoi ahadi. Msile bukari juu yake.

Yaya_Ruashi

Muzee, na ile ya Nguz? Tunaweza kuiazima?

MuzeeMukuba

Ile haitoki nyumbani. Anayetaka aje Jumamosi mchana, akae kwa kiti, asome, aiache. Chai iko.

Dada_Kenya

Ninakuja, Muzee.